Ujue Mtaji Unaouhitaji Kabla ya Kukopa

Hotuba kwa wamiliki wa viwanda vidogo vya kukamua alizeti



Mfanyabiashara mdogo akiulizwa ni kitu gani kinachomzuia kukua, mara nyingi hujibu kwa neno moja: mtaji. Jibu hilo lina ukweli, lakini halijakamilika. Mtaji wa kufanyia nini? Kiasi gani? Wa muda gani? Asiyeyajibu maswali hayo hukopa kwa kukisia, na deni la kukisia hulipwa kwa mali ya nyumbani.

Tuchukue kazi yenu wenyewe. Mbegu za alizeti hupatikana kwa wingi, na kwa bei nafuu, baada ya mavuno. Mafuta na mashudu huuzwa mwaka mzima. Mwenye kiwanda ambaye mbegu zake huisha baada ya miezi minne, mashine ikakaa kimya hadi msimu mwingine, hana upungufu wa mashine. Akikopa kununua ya pili, atakuwa na mashine mbili zilizolala na deni lililo macho. Anachohitaji ni fedha ya kununua na kuhifadhi mbegu, tena kwa mkopo ambao marejesho yake yanakwenda sambamba na mauzo ya mafuta. Mwingine ana mbegu za kutosha, ila fedha yake imeshikwa na wenye maduka waliochukua mafuta kwa mali kauli. Huyo aanze kwa kukusanya madeni yake kabla ya kujitwika la mtu mwingine.

Kwa hiyo, uchunguzi wa biashara si kazi ya wataalamu peke yao. Chukua daftari. Kwa miezi 12 andika fedha iliyoingia, iliyotoka, siku ambazo mashine ilisimama na sababu ya kusimama kwake. Tenganisha fedha ya biashara na ya matumizi ya nyumbani. Daftari hilo litakuonyesha mwezi unaopungukiwa na kiasi unachopungukiwa. Nalo ndilo litakalomshawishi mkopeshaji makini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri katika mambo haya.

Ukishajua unachohitaji, pima gharama ya fedha yenyewe. Tuseme umekopa Sh 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Iwapo riba inatozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa awali, utalipa Sh 60,000 mara 12, yaani riba ya Sh 720,000. Iwapo inatozwa juu ya salio lililobaki, nawe unapunguza Sh 100,000 ya deni kila mwezi, jumla ya riba ni Sh 390,000. Kiwango kinachotamkwa ni kilekile, lakini tofauti ni Sh 330,000. Basi usiulize tu, “Riba ni asilimia ngapi?” Uliza: “Nikimaliza kulipa, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ada, bima na faini?” Jibu lake lidai kwa maandishi.

Mchunguze pia anayekukopesha. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, watoa huduma hizo wamegawanywa katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kila mmoja anapaswa kuwa na leseni au usajili. Omba kuiona. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viulizie halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani.

Jihadharini na ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la “kausha damu”. Dalili zake zinajulikana: fedha hutolewa haraka, mkataba hausomwi, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, na mkopaji hutakiwa kukabidhi kadi ya benki na namba yake ya siri. Msikabidhi kadi wala namba hiyo kwa mtu yeyote. Msitie saini karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi, na msiondoke bila nakala ya mkataba.

Ndugu zangu, mkopo mzuri ni ule ambao biashara inaulipa kwa faida yake. Hesabu ikionyesha kwamba utalipwa kwa kuuza shamba au kwa kumtoa mtoto shuleni, uacheni, hata kama fedha iko mezani.