Amina ya Mwenye Njaa

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mliolelewa Kakuma kabla ya kuvuka bahari na kufanya maskani hapa Marekani,

Nimeombwa kunena juu ya mafundisho yenye uzima katika zama zisizoyataka, nami sina haja ya kwenda mbali maadamu Turkana, kule Kenya, ipo. Wapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland walipofika Lodwar mwaka 1961, katika wilaya ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga kwa miaka mingi, waliikuta nchi imeshikwa na njaa, hata ikawa, wapende wasipende, mkono ulioinua msalaba ndio uliogawa unga. Lodwar ilifanywa jimbo kamili mwaka 1978. Lakini taabu ile ya mwanzo haikuondoka, kwani mwenye njaa huitikia amina upesi, na mhubiri asiye mwangalifu huihesabu kuwa imani.

Waama Waturkana hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Akuj, mwenye mbingu na mvua, walimwomba tangu kale, na emuron, mwaguzi wao, alifasiri ndoto na kuagiza mnyama wa kuchinjwa mvua ilipozuilika. Basi ajapo mhubiri akaahidi kwamba sadaka ya fedha itateremsha riziki, ameleta jipya gani, ghairi ya kubadili mbuzi kwa noti? Na nyama ya mbuzi yule, walau, iliwafikia wengi.

Kakuma, huko huko Turkana, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, jaribu ni kali zaidi, kwa kuwa aketiye miaka akingoja jina lake litajwe miongoni mwa watakaohamishiwa ng'ambo yu tayari kumsadiki yeyote atakayemtabiria tarehe. Kumwambia huyo kwamba Kristo yu pamoja naye hata asiposafiri kamwe ni neno zito, wala halijazi kanisa. Na ndilo Paulo, naye yu kifungoni, alilomuusia Timotheo asikome kulinena. Asiyeona hatari ya mafundisho mapotovu na akumbuke msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za waumini walioambiwa wafunge hadi kufa.

Ninyi mwatuma fedha nyumbani, na wahubiri wanalijua hilo. Ajapo mmoja wao kuwaomba mchango, msimwulize ana waumini wangapi. Mwulizeni alihubiri nini Jumapili ile mgao wa chakula ulipopunguzwa, kisha mpeni au mnyimeni kwa kadiri ya jawabu lake.