Kafi na Mtumbwi: Mafunzo kwa Anayeanza

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kuendesha mtumbwi. Mto Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru, nao huingia baharini karibu na Bagamoyo. Na kusini kwetu uko mto Rufiji. Katika mito hii mtumbwi ni mguu wa mkulima na wa mvuvi. Lakini wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, mto uliokuwa mpole hugeuka kuwa mkali, na asiyejua kupiga kafi huhatarisha roho yake na za wenziwe. Kwa hiyo yafaa kujifunza wakati wa kiangazi, katika maji yaliyotulia, karibu na ukingo, pamoja na mtu ajuaye kazi. Tena waulizeni kwanza wenyeji kama mahali pale hapana mamba wala kiboko.

Wengi hudhani kwamba mtumbwi huendeshwa kwa nguvu za mikono. Sivyo. Jambo la kwanza ni kukaa. Mtumbwi ni gogo lililochongwa, hauna matengo kama ngalawa, ukisimama, huyumba. Basi keti chini au piga magoti, ukiyatenga magoti, na mzigo uwe katikati.

La pili ni kushika kafi. Mkono mmoja uwe juu ya kichwa cha mpini, wa pili karibu na bapa. Zamisha bapa lote mbele yako, kisha uvute mpaka usawa wa nyonga, ukizungusha kiwiliwili. Mgongo una nguvu kuliko mikono, wala hauchoki upesi.

La tatu ni kwenda sawa. Ukipiga kafi upande wa kuume, omo hugeuka kushoto. Watu wa Greenland, ambao chombo chao huitwa kayaki, wana kafi lenye mabapa mawili, nao hupiga huku na huku. Sisi wenye bapa moja, kila tumalizapo kuvuta, huligeuza na kulisukuma nje kidogo penye tezi, likawa kama usukani. Na omo hurudi katika njia yake.

La nne ni kuvuka mkondo. Ukielekea ng'ambo moja kwa moja, maji yatakuteremsha mbali na kivuko. Elekeza omo juu kidogo, kule mto utokako, upige kafi bila kukoma. Na maji yakikusukuma ubavu juu ya gogo, usijitenge nalo, bali liinamie. Ukijitenga, ubavu unaopigwa na maji utashuka, na mtumbwi utajaa na kupinduka.

Msisahau jaketi la kuokolea, kafi la akiba, na upo wa kufulia maji. Chombo kikipinduka, kishikeni, maana mti huelea. Lakini kaeni upande wa juu wa mto, kisije kikawabana penye gogo.

Na mto ukijaa nawe hujauweza, ngoja ukingoni. Maji yatapungua, na shamba la ng'ambo halitahama.