Mshahara wa Mwalimu: Fedha Zinazoandikwa na Fedha Zinazofika Mkononi



Katika vijiji vingi vya Kenya mwalimu huhesabiwa kuwa mtu mwenye fedha. Mwezi unapokwisha, watoto wanaodaiwa karo, jamaa walio wagonjwa na wenye kuchangisha harambee wote humwelekezea macho. Watu husikia ya kuwa mwalimu fulani hulipwa shilingi 40,000, kisha humwona akikopa unga dukani kabla ya tarehe 20. Hapo huanza minong'ono ya kuwa fedha amezificha, au amezitumia vibaya. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa ajili hiyo.

Mara nyingi ugomvi huo hutokana na kutofahamu jambo moja: kiasi kilichoandikwa kuwa mshahara si kiasi kinachofika benki. Yafaa mwalimu, mume au mke wake, na jamaa zake waifahamu njia ambayo shilingi hupita kabla ya kuingia nyumbani.

MWAJIRI NI NANI

Hapo zamani walimu wa Kenya walikuwa na waajiri wengi. Wengine waliajiriwa na misheni, wengine na halmashauri za wilaya, wengine na Serikali yenyewe. Masharti ya kazi hayakuwa sawasawa. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya kuunda Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, na Katiba ya mwaka 2010 iliipa tume hiyo nafasi yake katika kifungu cha 237.

Kiwango cha mshahara hutokana na mapatano baina ya TSC na vyama vya walimu, baada ya ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, na fedha hupitishwa na Bunge. Yafaa kukumbuka ya kuwa nyongeza inayotangazwa mara nyingi hailipwi yote kwa pamoja. Mapatano yaliyoanza Julai 2017, ambayo gharama yake ilikuwa shilingi bilioni 54, yaligawanywa katika miaka minne. Aliyesikia habari ya mabilioni hayo redioni akatazamia fedha zote mwezi uliofuata, alijidanganya mwenyewe.

Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule hayumo katika orodha ya TSC. Huyo hulipwa na shule yenyewe, kwa kadiri ya mapatano yao.

SEHEMU ZA MSHAHARA

Mshahara wa mwalimu wa TSC una sehemu kadhaa. Ya kwanza ni mshahara wa msingi, ambao hufuata cheo chake. Ya pili ni marupurupu ya nyumba, ambayo hufuata mahali anapofanya kazi. Aliye Nairobi hupata zaidi kuliko mwenzake wa cheo kile kile aliye mashambani. Ya tatu ni marupurupu ya usafiri. Aliye katika sehemu zenye shida, kama vile Turkana, Wajir au Mandera, huongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Marupurupu ya likizo hulipwa mara moja tu kwa mwaka; kwa hiyo mwezi huo mmoja usichukuliwe kuwa kipimo cha miezi mingine.

Sehemu hizi zikijumlishwa, hupatikana mshahara wa jumla. Hicho ndicho kiasi ambacho watu husikia na kukitaja barazani.

MAKATO YA SHERIA

Chukua mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000, nyumba shilingi 6,000, na usafiri shilingi 4,000. Jumla ni shilingi 40,000. Kwa kanuni zilizokuwapo mwaka 2025, hesabu yake huenda hivi.

Kwanza, malipo ya uzeeni. Mpango wa kuchangia kwa watumishi wa Serikali ulianza tarehe 1 Januari 2021. Walimu walio chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa wote. Waliokuwa wamefikia umri huo walipewa hiari. Mchango ulianza kwa shilingi 2 katika kila mia ya mshahara wa msingi, ukawa 5 mwaka wa pili, na 7 na nusu tangu mwaka wa tatu. Mwalimu wa mfano huu hukatwa shilingi 2,250. Lakini fedha hizo hazikupotea. Serikali nayo humwekea shilingi 15 katika kila mia, yaani shilingi 4,500. Kila mwezi shilingi 6,750 huwekwa kwa ajili ya uzee wake.

Pili, Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila mia ya mshahara wa jumla: shilingi 1,100.

Tatu, ada ya nyumba za bei nafuu, shilingi moja na nusu katika kila mia: shilingi 600. Mwajiri hutoa kiasi kama hicho.

Nne, kodi ya mapato. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Zabaki shilingi 36,050 za kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa 10 katika mia; shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa 25; na zilizobaki hutozwa 30. Jumla ni shilingi 5,598 na senti 35. Kila mlipa kodi hupewa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Hivyo kodi anayotoa ni shilingi 3,198 na senti 35.

Makato yote manne ni shilingi 7,148 na senti 35. Katika zile shilingi 40,000 zilizotajwa barazani, zimebaki shilingi 32,851 na senti 65, na hapo chama cha walimu na mikopo havijaguswa bado.

Hesabu hii yaonyesha pia kwa nini nyongeza huonekana ndogo. Mwalimu huyo akiongezwa shilingi 1,000 katika mshahara wa msingi, shilingi 382 na senti 25 hukatwa, na shilingi 617 na senti 75 humfikia. Hakuna karani aliyeiba, ndiyo kanuni.

MAKATO YA HIARI

Baada ya hayo huja makato ambayo mwalimu mwenyewe ameyatilia sahihi: ada ya chama cha walimu, akiba katika chama cha akiba na mikopo, bima za watu binafsi, na mikopo. Hapa ndipo wengi huumia.

Mkopo si ubaya. Wengi wamenunua mashamba na kusomesha watoto kwa mikopo. Lakini muda wa kulipa una bei yake. Mkopo wa shilingi 300,000, wenye riba ya shilingi moja katika mia kwa mwezi juu ya deni linalobaki, ukilipwa kwa miaka mitatu hukata karibu shilingi 9,960 kwa mwezi, na riba yote ni karibu shilingi 58,700. Ukilipwa kwa miaka sita hukata karibu shilingi 5,870 tu, lakini riba hufika karibu shilingi 122,300. Mwenye kutazama makato ya mwezi peke yake hudhani amepata nafuu, kumbe ameongeza mzigo.

Hali kadhalika kumdhamini mwenzako si salamu ya heshima. Akishindwa kulipa, wadhamini ndio watakaodaiwa.

THULUTHI ILIYOLINDWA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mwalimu, kanuni ni kwamba thuluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki. Mwalimu wa mfano wetu hawezi kukatwa hata abakiwe na chini ya shilingi 10,000. Lakini thuluthi ni ukingo wa shimo, si mahali pa kujenga nyumba. Je, shilingi 10,000 zaweza kulisha watoto, kulipa nauli na kodi ya nyumba mwezi mzima?

Tena kanuni hiyo haioni deni lililo nje ya hati ya mshahara. Mikopo ya simu haimo humo. Aliyempa mkopeshaji kadi yake ya benki na namba ya siri amempa pia ile thuluthi iliyolindwa. Jambo hilo lisifanywe kabisa.

SHAURI KWA KILA NYUMBA

Kila mwezi mwalimu na aisome hati yake ya mshahara mstari kwa mstari. Atazame kama mkopo uliokwisha bado unakatwa, au kama kuna kato asilolitilia sahihi. Akiliona, apeleke malalamiko kwa maandishi upesi. Kabla ya kukopa, ahesabu kuanzia fedha zinazofika benki, si kuanzia mshahara wa jumla.

Na zaidi ya yote, hati hiyo isifichwe nyumbani. Mume na mke wakiisoma pamoja, shauku hupungua na shauri huwa moja. Jamaa naye anayekuja kuomba karo ataelewa kwamba mwalimu aliyetoa shilingi 2,000 hakutoa katika 40,000, bali katika zile chache zilizobaki. Mali bila daftari huisha bila habari.