Habari za Handaki la Silkyara

Leo twawaletea habari za wenzetu wa India, kwa maana mambo yaliyowapata yamhusu kila mtu ashikaye sururu.

Katika milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand, serikali ilikuwa ikitoboa handaki la barabara mahali paitwapo Silkyara, urefu wake kilomita 4 na nusu, ili kuwafupishia njia mahujaji wa Kihindu. Alfajiri ya tarehe 12 Novemba 2023, siku ya Diwali, sehemu ya handaki iliporomoka, na kifusi cha kama mita 60 kikawazibia mlango watu 41 waliokuwa kazini ndani. Wengi walitoka mbali, Jharkhand na Bihar, kutafuta mshahara.

Bomba moja jembamba lilisalimika. Kwa hilo walipelekewa hewa na vyakula vikavu. Chakula cha moto hawakukiona mpaka tarehe 20, lilipopenya bomba la inchi 6.

Mashine kubwa ya kukeketa ililetwa. Ikaenda, ikakwama, mwisho ikavunjika zikiwa zimebaki kama mita 12 tu. Hapo ndipo walipoitwa watu 12 waliozoea kuchimba kwa mikono, wale waitwao wachimba mashimo ya panya. Walitambaa ndani ya bomba lisilofika upana wa mita moja: mmoja akichimba, mwenziwe akizoa udongo, na wengine wakiuvuta nje kwa kamba. Kazi iliyoishinda mashine wakaimaliza kwa siku moja na kitu. Tarehe 28 Novemba, siku ya 17, wote 41 walitoka hai.

Twafurahi sana. Lakini uchimbaji huo huo ulikatazwa katika migodi ya Meghalaya mwaka 2014, kwa kuwa ni wa hatari. Tena tangazo la serikali la mwaka 2018 lilisema handaki hili litajengwa pamoja na njia ya kuokokea. Siku ya msiba haikuwapo njia ya kupitia.

Jimbo liliwapa waliookolewa rupia 100,000 kila mmoja, na wale 12 waliowaokoa rupia 50,000 kila mmoja. Hatuwaonei wivu waliofungiwa. Siku 17 gizani si mchezo. Ila mizani hiyo hatukuielewa.

Ninyi mnaochimba mitaro na mashimo, kesho kabla ya kuingia mwulizeni nyapara njia ya pili ya kutokea iko wapi, kisha jibu lake mlilete kwa katibu wa tawi.