Ratiba na Mlango: Tunachoweza Kujifunza Kutoka Southbank Centre



Mada niliyopewa ni upangaji wa ratiba katika kituo kikubwa chenye sanaa za aina nyingi. Nimeamua kuizungumzia kwa mfano wa Southbank Centre ya London, na ya kwetu nitayafikia baadaye. Kituo hicho kina muziki wa okestra, jazi, dansi, mashairi, michezo ya jukwaani, picha na sanamu, vichekesho, mijadala na matamasha ya watoto. Ukiitazama orodha hiyo haraka unaweza kudhani kwamba siri ya mafanikio yao ni wingi wa mambo. Mimi naiona siri mahali pengine. Ukumbi unaweza kuwa na mambo kumi tofauti kwa wiki na bado kila jambo likabaki na watu wake, wanaoingia, wanatazama, wanaondoka, bila kujua kwamba jana palikuwa na kingine. Ratiba huwa mseto pale mtu aliyekuja kwa jambo moja anapokumbana na la pili ambalo hakulipanga. Nayasema haya kwa sababu tumezoea kuipima ratiba kwa kuhesabu matukio, na kipimo hicho kinatupoteza.

Ukumbi uliopandishwa juu

Mwaka 1951 Waingereza walikuwa bado wanapata chakula kwa mgawo, na London ilikuwa na viwanja vingi ambavyo mabomu ya vita yaliviacha vifusi. Serikali ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee iliandaa tamasha kubwa la kitaifa, na kitovu chake kikawekwa ukingo wa kusini wa mto Thames. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Winston Churchill akarudi madarakani, na majengo ya tamasha karibu yote pale ukingoni yakabomolewa. Royal Festival Hall, ambayo leo ndiyo ukumbi mkuu wa Southbank Centre, ilisalimika, maana baraza la jiji lilikuwa limeijenga idumu.

Wasanifu wake, wakiongozwa na Robert Matthew, Leslie Martin na Peter Moro, walipewa kiwanja kigumu. Ubavuni kuna daraja la reli la Hungerford, ambako treni za kwenda Charing Cross hupita mchana na usiku, na chini ya ardhi zinapita treni nyingine. Muziki wa okestra unahitaji utulivu ambao hata kikohozi huuvuruga. Basi wakaunyanyua ukumbi mzima, wenye viti takribani 2,700, wakauweka juu ya nguzo na kuuzungushia ngazi na maeneo ya kupumzikia, ili kelele zipotelee humo kabla ya kufika kwa wapiga fidla. Matokeo yake, chini ya ukumbi pakabaki eneo kubwa, la wazi, lenye mwanga wa mto.

Kwa takribani miaka 30 eneo hilo lilikuwa la wenye tiketi. Mlango ulifunguliwa jioni, kabla ya onyesho, na kufungwa baadaye. Mwaka 1983 baraza la jiji la wakati huo, Greater London Council, likiongozwa na Ken Livingstone, liliamua kwamba mlango uwe wazi mchana kutwa kwa yeyote, bila tiketi na bila kuulizwa. Miaka mitatu baadaye serikali ya Margaret Thatcher ililivunja baraza hilo. Uamuzi wa mlango ukabaki, na unaendelea hadi leo.

Naomba tuupe uamuzi huo uzito wake. Hakuna ukumbi mpya uliojengwa, wala msanii mmoja hakuongezwa kwenye ratiba. Lakini kuanzia hapo mzee anayesubiri treni, mwanafunzi asiye na pa kusomea, na mama mwenye mtoto mgongoni waliweza kukaa ndani ya nyumba ya sanaa kama watu wanavyokaa barazani, na mambo ya nyumba yakawapitia mbele ya macho.

Kinachomkuta aliyeingia bila mpango

Chukueni mtu mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Hapo chini anaweza kukuta wanamuziki wakipiga bure. Muziki wa bure wa mchana umekuwa sehemu ya ratiba kwa miaka mingi. Akitaka kupanda juu, kuna lifti ya vioo ambayo msanii Martin Creed ameitilia sauti za kwaya. Lifti ikipanda, sauti zinapanda noti kwa noti, ikishuka, zinashuka. Watoto huipanda na kuishuka bila kwenda popote. Hiyo ni kazi ya sanaa ya kisasa, ya msanii aliyewahi kupata tuzo ya Turner, na mtu ameingia ndani yake kwa sababu alitaka kufika ghorofa ya 5.

Ghorofa ya 5 kuna Maktaba ya Taifa ya Ushairi. Ilianzishwa mwaka 1953 na kuhamia hapo mwaka 1988. Inakusanya vitabu vya mashairi vilivyochapishwa tangu mwaka 1912, na kuingia ni bure. Maktaba ya ushairi peke yake mtaani ingetembelewa na washairi na watafiti. Hapa, mtu aliyekuja kusikiliza jazi na akafika mapema hupanda, akachomoa kitabu, akasoma shairi moja, akateremka. Wale washairi nao wakitoka kusoma hupita katikati ya wanaosubiri muziki.

Kisha kuna gamelani. Mwaka 1987 serikali ya Indonesia iliwazawadia Waingereza seti kamili ya gamelani ya Kijava, yaani gongi, ngoma na vyuma vya kugonga, na ala hizo zikapewa makao Southbank. Zingeweza kuwekwa kwenye kabati la vioo. Badala yake yamekuwepo madarasa, ya wanaoanza na ya waliobobea, na watu wa kawaida wamejifunza kuzipiga wakiwa wameketi sakafuni. Katika halmashauri zetu tunazo ngoma, marimba na zeze zilizonunuliwa kwa ajili ya Mwenge wa Uhuru na sikukuu za kitaifa. Nyingi zimefungiwa stoo, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye mara nyingi yuko safarini.

Nani anapanga

Southbank ina okestra kadhaa zenye makazi ya kudumu, zikiwemo London Philharmonic na Philharmonia. Jambo hilo linaipa ratiba uti wa mgongo. Hatari yake inajulikana: wenye makazi huwa wanafanana, na wanaokuja kuwasikiliza hufanana nao. Mwaka 2015 Chi-chi Nwanoku, mpigaji wa besi kubwa ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mwairishi, aliunda okestra ya Chineke!, ambayo wanamuziki wake wengi ni weusi au wanatoka jamii nyingine za walio wachache nchini Uingereza. Onyesho lao la kwanza lilifanyika katika Queen Elizabeth Hall, ukumbi wa pili wa kituo hicho, na baadaye nao wakapewa makazi.

Hatua nyingine ninayoipenda zaidi ni tamasha la Meltdown. Tangu mwaka 1993 kituo humkabidhi msanii mmoja ratiba ya siku kadhaa, aalike anaowataka. Wamepewa kazi hiyo David Bowie mwaka 2002, Patti Smith mwaka 2005, Nile Rodgers mwaka 2019 na Grace Jones mwaka 2022. Kila mpangaji wa ratiba ana masikio yake, na masikio huchoka. Akikaa miaka kumi mezani atakuwa anaalika marafiki zake na marafiki wa marafiki zake, hata akiwa mwadilifu kiasi gani. Kumpa mtu mwingine kalamu, kwa muda uliopangwa na kwa fungu linalojulikana, ni dawa ambayo hata halmashauri ndogo inaweza kuimudu. Mpeni fundi wa taarabu wiki moja. Mpeni kijana wa singeli wiki nyingine, halafu mkae kando.

Mwaka 2012, London ilipoandaa Olimpiki, kituo kilijaribu kuleta mshairi mmoja kutoka kila nchi inayoshiriki. Kutoka ukanda wetu walikuwepo Shailja Patel wa Kenya, Nick Makoha wa Uganda na Ketty Nivyabandi wa Burundi. Wasanii wa Chile wa kundi la Casagrande walirusha kutoka kwenye helikopta karatasi 100,000 zenye mashairi, zikaangukia bustani iliyo jirani. Kundi hilo lilikuwa limefanya hivyo katika miji mingine iliyowahi kupigwa mabomu kutoka angani. Watu walizikimbilia kuzidaka. Wengi wao, nina hakika, hawajawahi kununua kitabu cha mashairi.

Vijana wa chini ya ukumbi

Nisiwapake rangi nzuri tu. Chini ya Queen Elizabeth Hall, iliyofunguliwa mwaka 1967, wasanifu waliacha eneo la zege lenye nguzo na miteremko, lisilo na kazi maalumu. Kuanzia miaka ya 1970 vijana wenye vibao vya magurudumu walilikalia. Hawakualikwa, na hakuna ratiba iliyowahi kuwataja, lakini waliligeuza kuwa mahali panapojulikana duniani kwa mchezo wao, wakapaka kuta michoro, wakafundishana.

Mwaka 2013 uongozi ulitangaza mpango wa kupanua majengo. Eneo la vijana lilitakiwa ligeuzwe maduka na migahawa ambayo kodi yake ingechangia gharama, nao wahamishiwe chini ya daraja la reli. Hoja ya uongozi haikuwa ya kipuuzi. Ruzuku ilikuwa ngumu, na mlango wa bure una gharama: vyoo vinatumika kutwa, taa zinawaka, wafagiaji na walinzi wanalipwa. Lakini vijana wakaandaa kampeni, makumi ya maelfu ya watu wakawaunga mkono, na Septemba 2014 pande mbili zikasaini makubaliano ya kuwaacha walipo. Mwaka 2019 sehemu ya eneo hilo iliyokuwa imezibwa ikakarabatiwa na kurudishwa kwao.

Kwa maoni yangu vijana wale walikuwa ni ratiba, tena iliyodumu kuliko tamasha lolote la kituo hicho. Kituo kilichowafungulia watu mlango kwa miaka 30 kilikuwa karibu kuwasahau waliokuja bila kuitwa. Kama yaliwapata wao wenye uzoefu, sisi tuwe macho zaidi.

Ya kwetu

Tunajua jinsi ratiba inavyoweza kumfungia mtu nje. Kenya National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, michezo miwili iliyoandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC la Lagos ilihitaji jukwaa hilo: ule wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu Dedan Kimathi, na ule wa Francis Imbuga unaojulikana kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini. Ngũgĩ ameeleza kwamba walipewa siku chache tu za Oktoba ili wasivuruge maonyesho ya kigeni yaliyokwisha kupangwa. Na ameeleza jinsi watazamaji walivyojaa, wakaimba na waigizaji, wakatoka nao wakicheza hadi nje.

Siku hizi anayetufungia nje mara nyingi ni kodi ya ukumbi. Fungueni daftari la ukumbi wowote wa manispaa: sendofu, kicheni pati, mahafali, kikao cha wadau, sendofu. Silaumu, fedha hizo ndizo zinazolipa umeme. Ila tatizo jingine liko getini, na halihitaji bajeti. Katika ukumbi mmoja ninaoufahamu, mlinzi ana daftari lenye safu nne: jina, unakotoka, unayekwenda kumwona, saa ya kuingia. Mwananchi aliyesikia ngoma za mazoezi akiwa barabarani hana la kuandika kwenye safu ya tatu. Anarudi zake. Na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa wananchi ni mdogo.

Zipo dalili njema. Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, ina makontena yaliyogeuzwa karakana za wachoraji. Aliyekuja kwa muziki huweza kupita mbele ya mchoraji akiwa kazini. Ngome Kongwe ya Zanzibar imekuwa nyumbani kwa tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998 na kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, na kwa siku hizo kuta zile za kale hupokea filamu, muziki na watu wa kila namna. Swali la wasimamizi ni kile kinachofanyika humo Jumanne ya kawaida ya mwezi usio na tamasha.

Kwa kazi za vikundi, naomba kila kikundi kichukue ratiba halisi ya mwaka jana ya ukumbi mmoja unaowakilishwa hapa. Acheni kuhesabu matukio. Hesabuni saa ambazo mlango ulikuwa wazi kwa mtu asiye na tiketi wala kadi ya mwaliko, na muandike aliyeingia saa hizo angeona nini, angesikia nini, angekaa wapi. Kisha chagueni siku moja ya wiki ambayo mazoezi ya vikundi vyenu yanaweza kufanyika mlango ukiwa wazi, mkadirie gharama ya mlinzi, usafi na maji kwa siku hiyo. Makadirio hayo ndiyo tutakayoyajadili baada ya chakula cha mchana.