Wakfu na Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi huko Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie mali yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Basi ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa kiasi, bila ya kujilimbikizia. Huo ndio msingi wa wakfu.

Sheria ya Kiingereza nayo ina jambo la karibu na hilo, yaani amana: mtu humkabidhi mdhamini mali aishike kwa faida ya wengine. Hukumu ya Knight na Knight ya mwaka 1840 yataka yakini tatu: nia iwe wazi, mali ijulikane, na wenye kufaidika wajulikane. Kijana asomaye sheria na aanze na hizo. Kisha atambue kuwa wakfu ni wa daima, na amana nyingi zina mwisho.

Njia hizo mbili ziligongana katika kesi ya jamaa ya Bakhshuwen ya Kenya. Mwaka 1951 Baraza la Mfalme huko London lilihukumu kuwa wakfu uliowekwa kwa manufaa ya jamaa haukusimama, kwa sababu fungu la maskini lilikuwa mbali mno. Mwaka uo huo Sheria ya Wakfu ya Kenya iliukubali wakfu wa jamaa, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au kwa heri nyingine ya kudumu.

Rwanda ilirithi sheria ya namna ya Kibelgiji, isiyo na amana ya Kiingereza; sheria ya amana ilipitishwa baadaye. Lakini sheria haimfai asiyeandika. Mathalan mzee wa Biryogo husema barazani, "Nyumba ile ya uani ni ya msikiti." Haandiki, wala hateui msimamizi. Akifa, cheti cha ardhi kina jina lake. Watoto hudai mirathi, msikiti hudai wakfu, na majirani huwa mashahidi wa neno lisilo na tarehe. Mjane akaaye humo hajui kodi ampe nani. Sadaka imegeuka fitina.

Basi mwenye nia na aandike angali mzima, mbele ya mashahidi waadilifu. Ataje nyumba na mipaka yake, wenye kufaidika, msimamizi, na atakayemfuata. Kisha aipeleke hati kwa wenye kuandikisha ardhi. Akingoja wasia, akumbuke kuwa wasia hauzidi thuluthi ya mali.

Naye msimamizi si mwenye mali. Asichanganye kodi ya wakfu na fedha zake, asijiuzie, asimpangishe nduguye kwa bei ya huruma, na hesabu aitoe kila mwaka kabla hajaulizwa. Kwani atakayeulizwa na watu leo, ataulizwa na Mola wake kesho.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoaji nia safi, na wasimamizi uaminifu. Amin.