Mkono Unauma, Chanzo ni Shingo
Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za korosho na ufuta, na mizigo mingi huko hubebwa kichwani. Mkulima akiumwa mkono hadi vidoleni huchua bega, kumbe pengine tatizo liko shingoni. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva. Umri ukisogea, diski zilizo kati ya pingili husinyaa, mfupa huota vinundu na neva hubanwa; ganzi na maumivu hushuka mkononi. Wengi hupata nafuu bila upasuaji, kwa dawa na mazoezi tiba. Lakini miguu ikilegea, vidole vikishindwa kufunga kifungo, au mkojo usipozuilika, mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo. Huduma ya mazoezi tiba nayo isogezwe vijijini, kwani mkono ndio mtaji wa mkulima.